Jinsi ya Kukagua Mswada wa Biashara ya Viungo vya Mwili wa Binadamu Kabla ya Kupeleka Maoni Bungeni

Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya kinalitaka Bunge lishirikishe wananchi. Mswada wa aina hii ukitangazwa, siku za kutoa maoni huwa chache, kwa hiyo anza na ufafanuzi wa kosa.

Sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya 2010 inataja utoaji wa viungo kwa nguvu au ulaghai, na adhabu yake ni kali: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ila inagusa tu kesi ambamo mtu amelanguliwa. Mswada unapaswa kufafanua wazi kosa la biashara ya figo yenyewe. Mkataba wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Santiago de Compostela, Hispania, mwaka 2015 unatoa mfano mzuri: kutoa kiungo bila ridhaa huru, au kwa malipo, ni kosa hata kama hakuna aliyesafirishwa.

Kisha tafuta maneno "mtu yeyote". Kifungu kinachosema "mtu yeyote anayeuza au kununua kiungo" kinamweka kijana aliyerubuniwa kizimbani pamoja na dalali. Mwenye kovu ubavuni ndiye shahidi wenu mkuu, na akiogopa kushtakiwa hatakanyaga kituo cha polisi. Pendekeza: "Aliyetolewa kiungo hatashtakiwa kwa sababu ya kutolewa kiungo hicho."

Je, raia akinunua figo ng'ambo atashtakiwa nyumbani? Kama mswada uko kimya, mahakama haitakuwa na pa kushika. Israel, kwa sheria ya 2008, ilizuia bima kulipia upandikizaji wa nje unaohusisha biashara ya viungo. Taiwan mwaka 2015 ilimtaka aliyepandikizwa nje aieleze hospitali inayomhudumia nchi na hospitali alikofanyiwa. Hapo ni mahali pazuri pa kunasa habari, kwani mgonjwa lazima arudi kliniki kwa dawa za kuzuia mwili kukataa figo.

Ridhaa ya mfungwa ikataliwe waziwazi. China ilitumia viungo vya wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo kwa miaka mingi, na aliye kifungoni hana uhuru wa kusema hapana.

Unapoandika, taja namba ya kifungu, maneno ya kuondoa, maneno ya kuweka, na sababu kwa sentensi moja au mbili. Weka jina na simu, umwandikie Karani wa Bunge la Taifa kabla ya tarehe ya mwisho. Malalamiko ya jumla yasiyotaja kifungu huishia kwenye faili.