Kumtambua Mungu Aliye Nyuma ya Dinari ya Kirumi

Mwongozo huu ni wa dinari (sarafu za fedha) za makaisari; zile za Jamhuri, kabla ya makaisari, zina taratibu zake. Sarafu usiisugue. Ndimu, magadi na dawa ya meno hula mistari ya mchongo, na mistari hiyo ndiyo unayoitafuta.

1. Pima. Tumia mizani ya kusoma hadi gramu 0.01. Baada ya Nero kupunguza uzito mwaka 64, dinari mpya ilikuwa na gramu 3.4 hivi. Ikiwa nyepesi mno na shaba inachungulia ukingoni, ni shaba iliyovikwa fedha. Picha husomeka vilevile.

2. Mwanga. Taa moja, ubavuni, karibu na usawa wa meza. Zungusha sarafu polepole. Flashi ya simu inaua kila kitu.

3. Maandishi. Kwa kawaida huanzia chini kushoto na kufuata mshale wa saa. V husimama pia badala ya U. IOVI ni Jupiter, MARTI ni Mars, VENERI ni Venus. Ukikuta P M TR P COS tu, hivyo ni vyeo vya kaisari, mungu hakutajwa.

4. Mikono. Achana na uso, hapa ndipo watu hukwama. Wanaume si kazi: rungu na ngozi ya simba ni Hercules, radi ni Jupiter (ni fungu la miale lililochongoka ncha zote mbili, wengi hudhani mshale). Shida ni wanawake wa vazi refu walioshika pembe iliyojaa matunda. Pembe peke yake haikuambii kitu. Tazama mkono wa pili. Usukani wa merikebu: Fortuna. Masuke, na pishi ya nafaka miguuni: Annona. Kisahani cha sadaka: mara nyingi Concordia. Mizani: Aequitas au Moneta, na bila maandishi hao huwezi kuwatenganisha, kwa hiyo andika majina yote mawili. Usukani uliochakaa huonekana kama fimbo tu. Ufuate hadi chini. Ukikuta ubapa, au umeegemea tufe, ni Fortuna.

Chapeo nayo hudanganya. Minerva huivaa akiwa na vazi refu, na kwenye baadhi ya dinari za Domitian bundi yuko miguuni. Virtus huivaa pia, lakini kanzu yake huwa fupi. Venus Victrix (Venus Mshindi) huishika mkononi.

5. Linganisha. Katalogi ya OCRE mtandaoni, ya sarafu za makaisari wa Kirumi, ni ya bure, nami naipendelea kuliko picha za wauzaji. Andika herufi unazosoma tu, usijazie zilizofutika: COS II na COS III (konsuli mara ya pili, na mara ya tatu) ni sarafu mbili tofauti.