Kupima dawa mpya kwa bakteria sugu wa Nakivubo

Una unga wako mpya, umeutoa kwenye mmea ama mtu wa kemia kakutengenezea, unataka kujua kama unaweza bakteria sugu. Bakteria huwakosi, mtaro wa Nakivubo unakatiza Kampala na uchafu wote mpaka Ziwa Victoria. Vaa glavu, chota kwa chupa iliyopita otokleivu (mashine ya mvuke inayoua vijidudu), weka kwenye boksi la barafu na mwambie wa boda msipitie kokote, moja kwa moja maabara.

Paka maji kidogo kwenye agari ya MacConkey (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye antibiotiki ya sefotaksimu, mikrogramu 4 kwa mililita. Watakaoota hapo ndo wagumu wenyewe. Chagua koloni la pinki, lioteshe upya mpaka libaki aina moja, alafu thibitisha ni E. coli kweli, bakteria wa utumbo tunayemtafuta, maana si yeye tu anatoka pinki.

Sasa plati ya visima 96, mistari 8 ya visima 12. Weka brothi ya Mueller-Hinton (supu ya kuoteshea bakteria) mikrolita 50 kila kisima, dawa uipunguze nusu kwa nusu kutoka kisima cha 1 hadi cha 10, cha 11 bakteria bila dawa, cha 12 brothi tupu. Bakteria wapime kwa McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye maji), wapunguze mara 100, ongeza mikrolita 50. Kumbuka hapo dawa inapungua nusu tena, ukitaka mikrogramu 64 kwa mililita anza na 128. Weka nyuzi 35, masaa 16 hadi 20, na uombe umeme usikatike hahaha.

Soma kutoka cha 10 kurudi cha 1: kisima cha kwanza kisicho na ukungu ndo MIC yako, yaani kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kuota. Kama dawa ina rangi kama dawa za majani nyingi, macho yatakudanganya, tia resazurini, rangi ya kupimia uhai: bluu hawajaota, pinki wameota.

Hapa ndo mi niliumia. Niliyeyusha dawa kwa kiyeyusho cha DMSO kingi, visima vyote vikawa safi, nikapiga simu kwa bosi usiku, kesho yake naweka DMSO peke yake nayo inaua vilevile! Aibu ssebo. Weka mstari wa kiyeyusho peke yake na kisizidi asilimia 1.

Pia weka E. coli ATCC 25922 (bakteria wa kulinganishia, anayejulikana) na antibiotiki ya sipro (ciprofloxacin) pembeni, MIC yake lazima iangukie kati ya mikrogramu 0.004 na 0.016 kwa mililita, kwa hiyo sipro anza na 1 si 64 la sivyo hufiki huko chini. Ikitoka nje, plati nzima tupa urudie, hata kama dawa yako imependeza.

Na kutupa si kwenye sinki. Otokleivu kwanza, nyuzi 121.