Unaogopa kuprezenti semina? Jinsi ya kuingia kikundi cha tiba bila kukimbia

Kama we ni yule ambae siku ya kuprezenti tumbo linavuruga tangu alfajiri, alafu zamu ikifika unamsukumia mwenzako karatasi asome yeye, hii yako. Sio aibu ya kawaida hiyo, ni woga wa watu na unatibika, mi nimepitia kikundi nikiwa mwaka wa pili.

Anzia kwa kaunsela, kwenye vyuo vingi unampata kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kuongea ukiona mlima andika kwenye karatasi umpe asome, mi ndo nilivyofanya. Atakuona peke yako kwanza, na kama una mawazo ya kujidhuru mwambie hapohapo, usisubiri kikundi.

Utaratibu maarufu ni ule wa Richard Heimberg, mwanasaikolojia wa Marekani, watu kama sita, viongozi wawili, wiki 12, kila kikao masaa mawili na nusu hivi. Siku ya kwanza mtaangalia sakafu tu, ni sawa, wote mmeletwa na kitu kimoja. Kubalianeni mapema kwamba ya humu yanabaki humu.

Alafu unaandika ngazi yako ya woga, 0 mpaka 100. Yangu: kuuliza bei ya chapati 20, kusema "shusha" kwenye daladala 35, kuprezenti 95. Usianze na 95 ujionyeshe shujaa, utatoroka wiki ya pili.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Kabla ya kusimama kuongea mbele ya kikundi andika unachohofia kitatokea, mi niliandika "wataona mikono inatetemeka watacheka", na ile mbinu yako ya kujificha unaiacha, mi nilikua naikamata karatasi kwa mikono miwili isitikisike kumbe ndo inazidi. Nikaambiwa shika kwa mkono mmoja, ongea dakika tatu. Nilipomaliza kaunsela akawauliza wenzangu nani kaona karatasi inacheza, akanyoosha mmoja tu, na yeye alidhani ni feni. Peke yako chumbani hilo jibu hulipati hata ujiambie mara mia.

Kama kikundi hakikufai omba tiba ya mtu mmoja mmoja, hujafeli, hata mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaanza na hiyo.

Na homuweki, yale mazoezi ya ngazi yako unayofanya nje ya kikundi, fanya, usidanganye. Konda alikua anauliza "Survey wapo?", kituo changu hicho, nakaa kimya, napitilizwa mpaka Mwenge narudi kwa mguu na jua lile. Wiki ya tano nikasema shusha. Hakusikia, ikabidi nirudie kwa sauti gari zima ligeuke.