Ampli ya chaneli moja kwa usiku mzima wa harusi

Ampli yangu ni Fender Blues Junior: wati 15, valvu mbili za EL84 (taa za kioo za kukuza sauti) kwenye hatua ya mwisho, spika moja ya inchi 12. Chaneli ni moja tu. Kwenye harusi za Dar es Salaam naipigia bluzi laini wageni wakila, kisha rumba, sebene, rege, na nyimbo za kanisani familia ikitaka kushukuru. Vijana huniuliza nabadilishaje sauti wakati mguu wangu umetulia, haukanyagi pedali (visanduku vya kubadilisha sauti) kila wimbo. Nabadilisha kwenye gitaa.

Anza hivi. Fungua volyumu ya gitaa mpaka 10. Besi, midi (sauti za kati) na trebo za ampli ziache katikati, masta iwe 4. Piga kodi ya E kwa nguvu huku ukipandisha volyumu ya ampli taratibu. Itafika mahali, kwangu ni karibu na 6, kodi inakoroma ukiikandamiza na kutulia ukiigusa kwa upole. Hapo hapo piga kambi, usihame usiku kucha. Ukumbi ukiwa mdogo, punguza masta, maana ndiyo inayoamua watu wasikie kiasi gani. Volyumu ndiyo inayoamua ampli ikorome kiasi gani.

Kuanzia hapo kazi ni ya nobu, kile kitufe cha kuzungusha cha volyumu ya gitaa. Solo ya bluzi naiacha 10. Rege nashusha mpaka 5 na kupiga chapu chapu, nikizima nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Nyimbo za kanisani ni 4, pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) ya shingoni peke yake, na riverbu, mwangwi wa ampli, naiongeza kidogo.

Rumba ndiyo inayotaka mkono wenye adabu. Nakaa kwenye 5, pikapu ya shingoni pamoja na ya kati, na piki naishika kwa ulegevu. Mwimbaji anapokaribia kumaliza ubeti wa mwisho, kidole changu kidogo tayari kimelala juu ya nobu. Mpiga dramu akiita sebene, nobu inapanda mpaka kama 6 na nusu, swichi inarudi kwenye pikapu ya kati na ya briji (pale nyuzi zinapofungwa upande wa mkono wa kulia), mkono wa kulia unasogea karibu na briji. Sauti inakuwa nyembamba, inang'aa, inapenya katikati ya kinanda na tumba. Sijagusa ampli hata kidogo, na watu wameshaanza kutunza.

Sasa kuna tatizo moja ambalo lilinitesa miaka. Ukishusha volyumu ya gitaa, trebo nayo inazama, na rumba inasikika kama imefunikwa blanketi. Dawa ni ndogo. Fundi redio yeyote anaweza kuchomelea kapasita ya 0.001 mikrofaradi na rezista ya kilo-omu 150, zote mbili sambamba, kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kutokea wa nobu ya volyumu. Tangu nifanyiwe hivyo, gitaa langu kwenye 4 lina uhai ule ule wa kwenye 10. Ni kazi ya dakika chache, na naiona ya maana kuliko pedali yoyote.

Pedali ninayo moja, SD-1 ya Boss. Draivu nimeifunga kabisa na levo nimeipandisha, kwa hiyo inaisukuma tu ampli pale solo inapohitaji kuimba kwa kuvuta. Kama unatumia dilei, pedali ya mwangwi, kumbuka ampli hii haina njia ya kuiingiza baada ya mkoromo, kwa hiyo mwangwi nao utakoroma. Shusha gitaa kwanza, ndipo uwashe dilei.

Kwenye uwanja wa wazi wati 15 hazitoshi kwa sauti safi. Usipandishe ampli. Iweke juu ya kiti, iinamishe nyuma kidogo ikutazame masikioni, kisha muombe fundi mitambo maiki ya SM57, isimame karibu na kitambaa cha mbele ya spika, kati ya kitovu cha spika na ukingo wake.

Na kama ampli imetoka Marekani, kabla ya kuichomeka soma maandishi ya nyuma. Ikiwa ni ya volti 120, umeme wetu wa 230 utaiunguza. Nunua kwanza transfoma ya kushusha.