Mpapai Uani: Panda Mitatu Shimoni, Ubakize Mmoja

Ukipanda mpapai mmoja peke yake umenunua mbuzi kwenye gunia. Jinsia yake huijui mpaka uchanue, miezi minne hadi sita baada ya kuuhamishia shambani, na ukitokea dume hata kuni haufai. Ndiyo maana kila shimo linapewa miche mitatu.

1. Mbegu

Chagua papai refu, si la duara. La duara limetoka kwenye ua jike, na baba yake humjui. Refu limetoka kwenye ua la jinsia mbili. Kama ua hilo lilijichavusha, katika kila miche 3, kwa wastani 2 itakuwa ya jinsia mbili na 1 jike, dume halitoki. Mpapai dume ukiwa kwa jirani, hesabu hiyo inavurugika. Mbegu za papai chotara usizirudie, watoto hawafanani na mama.

Kila mbegu ina kifuko laini chenye majimaji, na hicho huzuia kuota. Weka mbegu kwenye chujio, zisugue kwa mchanga hadi kifuko kitoke, suuza, tupa zinazoelea, kisha anika kivulini.

2. Viriba

Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza na 1 ya mchanga. Tia mbegu 2 kwa kiriba (kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche), kina cha sentimita 1. Huota ndani ya wiki 2 hadi 4, polepole zaidi kukiwa na baridi. Zikiota zote mbili, bakiza yenye afya.

Adui wa hatua hii ni kinyausi: mche unasinyaa shingoni, usawa wa udongo, halafu unalala chini ungali wa kijani. Chanzo ni udongo usiokauka, kivuli kizito na miche iliyobanana. Mwagilia asubuhi tu, na uache uso wa udongo ukauke kabla ya kurudia.

3. Shimo

Mpapai haustahimili maji yaliyotuama. Siku mbili tatu za dimbwi zinatosha kuozesha mizizi. Kwa hiyo pima kwanza: chimba shimo dogo, mwaga ndoo ya maji, urudi baada ya saa chache. Kama maji bado yapo, tafuta pengine au panda juu ya tuta la sentimita 30.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina kama hicho, mita 2.5 hadi 3 kutoka shimo jingine, mahali penye jua kutwa. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la samadi iliyooza, ukae wiki mbili utulie.

4. Kuhamisha

Miche ikifika sentimita 15 hadi 20, subiri jioni. Chana kiriba kwa wembe bila kuvunja bonge la udongo, panda mitatu kwa pembetatu, sentimita 25 kati ya mmoja na mwingine. Usiizike zaidi ya ilivyokuwa kwenye kiriba, maana shingo iliyofukiwa huoza. Matandazo yakae umbali wa kiganja kutoka kwenye shina.

5. Kuchagua

Maua yakianza, angalia kwapa la jani, pale kikonyo chake kinapoungana na shina.

Dume hutoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, vyenye vijiua vingi vyembamba. Jike: ua kubwa karibu na shina, limevimba chini. Ukilipasua, ndani mna kipapai kidogo cha mviringo bila stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua). La jinsia mbili ni jembamba, refu kama kidole, na kipapai chake kimezungukwa na stameni. Usihukumu kwa ua la kwanza. Ngoja matatu manne.

Bakiza mmoja wa jinsia mbili, maana unajichavusha. Kwa mbegu za kienyeji zenye dume na jike, bakiza jike, na dume mmoja kwa majike 8 hadi 10. Inayotolewa ikate kwa kisu usawa wa ardhi. Usiing'oe, mizizi imeshikana.

Joto kali na ukame huweza kuufanya mpapai wa jinsia mbili utoe maua ya kiume kwa muda. Usiukate kwa hasira, ongeza maji.

6. Matunzo na kasoro

Debe la samadi kila miezi mitatu, limwagwe chini ya ncha za majani. Kiangazi, lita 20 mara mbili kwa wiki, zaidi kwenye udongo wa kichanga.

Matunda yenye nundu yanayovuja utomvu mara nyingi yanalilia boroni, kirutubisho cha udongoni. Majani yenye mabaka ya njano na matunda yenye alama za pete ni virusi vinavyoenezwa na vidukari. Dawa hakuna: ng'oa, choma. Usipande matango wala maboga karibu. Mchicha hauna neno. Unga mweupe unaonata ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu; kata sehemu iliyojaa, kwingine pulizia maji ya sabuni jioni, chini ya majani hasa.

7. Kuvuna

Miezi 9 hadi 12 baada ya kuhamisha, michirizi ya njano ikitokea kitakoni mwa tunda, lizungushe kwa mkono ukiacha kikonyo kidogo. Utomvu wa papai bichi ni mweupe mzito na huwasha ngozi; ukiona umekuwa mwepesi kama maji, limekomaa.