Mbegu Isiyongoja: Kuotesha Maua ya Matunguu ya Afrika Kusini Ukiwa Mtwara au Lindi

Mfuko wa kwanza wa mbegu nilioagiza kutoka Afrika Kusini ulikuwa wa Freesia. Nilizisia Januari, mvua imekolea, kwenye mboji niliyoichekecha kwa mkono wangu. Februari kimya, Machi kimya. Julai, kusi likivuma, zikachomoza sita, nyembamba kama uzi, na Septemba haikufika zote zikawa zimelala chini. Nikamlaumu muuzaji. Muuzaji masikini hakuwa na kosa, mbegu zake zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeupa mmea wa mvua za baridi mvua za joto.

Maua ninayoyasema karibu yote yana tunguu chini ya udongo, mengine la tabaka-tabaka kama kitunguu cha jikoni, mengine gumu lisilo na tabaka, na mengi majani yake hukauka kiangazi na kurudi mvua zikirudi. Wengi huyanunua yakiwa tayari matunguu. Kuyaotesha kwa mbegu mara nyingi kunachukua miaka mitatu au zaidi hadi ua la kwanza, lakini gharama ni ndogo na mmea uliozaliwa nyumbani huzoea udongo wa nyumbani. Nawaandikia wanaotaka maua ya uani. Kama unatafuta biashara ya haraka, ufuta utakufaa zaidi.

Angalia mvua ya kwao kabla ya kuangalia picha

Afrika Kusini si nchi ya mvua moja. Upande wa magharibi, kuzunguka Cape Town, mvua hunyesha wakati wa baridi, Mei hadi Agosti, na majira ya joto huwa makavu. Huko ndiko kwao Freesia, Lachenalia, Babiana, Sparaxis na Ixia. Mbegu zao husubiri usiku upoe hadi kama nyuzi 10 ndipo ziamke. Mtwara mjini usiku wa Julai hushuka nyuzi 19 hivi, na sisi tunajifunika shuka tukisema baridi. Maji unaweza kumwagilia mwezi wowote. Ubaridi huo utautoa wapi?

Upande wa mashariki, KwaZulu-Natal na Eastern Cape, mambo yamegeuka. Mvua huko ni ya Oktoba hadi Machi na majira ya baridi ni makavu. Iweke kalenda hiyo kando ya yetu: msimu mmoja, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu cha kusi. Zinakaribiana sana. Mmea wa mashariki ukifika hapa hauhitaji kufundishwa lini alale na lini aamke.

Kwa hiyo chagua Crinum, Scadoxus, Eucomis (lile lenye kishungi cha majani kileleni kama nanasi) na Gladiolus dalenii, ambalo ni mmoja wa wazazi wa magladiola ya madukani. Baadhi yake ni ndugu zetu kabisa. Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la duara linaloibuka vichakani mvua za kwanza kabla hata ya jani, liko kwao na liko kwetu. Clivia nayo ni ya mashariki, lakini haina tunguu wala haikauki majani, na ni mmea wa msituni unaotaka majuma kadhaa ya ubaridi ili utoe ua. Mikindani au Lindi mjini itakupa majani mazuri na ua litasita. Afadhali mwenye uwanja Newala au Rondo, huko juu kwenye ubaridi, aijaribu.

Mbegu kavu na mbegu yenye maji

Hapa ndipo watu wengi hupoteza mbegu, nami nimo. Mbegu ya Eucomis ni nyeusi, ngumu, inang'aa, na ya Gladiolus ina ubawa mwembamba kama karatasi. Hizo ni mbegu kavu. Zihifadhi kwenye bahasha mahali pakavu penye ubaridi, zitakungoja hadi msimu ufike, ingawa ikipita miaka huota chache.

Mbegu ya Crinum, Scadoxus au Clivia ni kitu kingine. Imejaa maji kama punje ya mahindi mabichi, haina ganda la kuilinda na haijui kulala. Mwaka mmoja nilipewa mbegu tisa za Crinum, za kijani, kubwa kuliko gololi. Nikaziweka kwenye droo nikisema nitazipanda mvua zikianza. Nilipofungua droo baada ya wiki kadhaa, saba zilikuwa zimeota gizani, bila udongo wala tone la maji, kila moja imetoa mkia mweupe unaotafuta pa kuingia. Mbili zilikuwa zimeoza.

Ule mkia si mzizi mtupu. Huinama, hushuka udongoni, kisha ncha yake huvimba ikawa kitunguu kidogo, na jani la kwanza hutokea hapo, si kwenye mbegu. Ndiyo maana mbegu ya namna hii haifukiwi. Ilaze juu ya udongo, ibonyeze nusu tu ikae, iache ifanye kazi yake. Usiogope kwamba tunguu liko juu mno, kwa sababu mizizi ya mimea hii hujikunja na kulivuta chini taratibu mwaka hadi mwaka. Scadoxus na Clivia mbegu zake hukaa ndani ya tunda jekundu. Menya nyama yote, osha utelezi hadi mbegu isiteleze mkononi, kisha uipande siku hiyohiyo. Utelezi ukibaki, ukungu unaanza hapo.

Hili linagusa pia namna ya kuzipata. Mbegu za kutoka nje zinahitaji kibali cha kuingiza cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kabla ya kuagiza, na cheti cha usafi wa mimea kutoka zinakotoka. Usizifiche kwenye begi la nguo. Magonjwa ya mimea husafiri hivyohivyo. Mbegu kavu zitavumilia safari na karatasi zake. Zenye maji hazitavumilia, kwa hiyo ziombe kwa mtu wa karibu mwenye mmea uliozaa, na nenda na kopo lenye udongo tayari.

Udongo, maji na kivuli

Mchanga wa mto sehemu mbili, mboji au samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Vumbi la makumbi ya nazi ni zuri kwa kushika unyevu, ila liloweke na kulisuuza mara tatu au nne kwanza, kwa sababu hiyohiyo ya chumvi. Maji ya visima vingi vya pwani nayo yana ladha ya bahari. Kinga maji ya mvua yanayotiririka kwenye bati, hiyo ndiyo dawa.

Kopo la rangi la lita nne lililotobolewa chini linafaa kuliko kiriba, kwa kuwa miche itakaa humo miaka miwili bila kuhamishwa. Sia mbegu kavu mwishoni mwa Novemba, uzifukie kwa kina cha unene wa mbegu yenyewe. Weka makopo chini ya kivuli cha makuti yaliyoachana kidogo, jua lipite vipande vipande na matone makubwa ya Januari yasifukue mbegu. Wiki tatu hadi sita utaona kitu.

Kitu chenyewe kinafanana na nyasi. Gladiolus mchanga ni jani moja la kijani, jembamba, na mpwa wangu aliyekuwa na nia njema kabisa alinipalilia kopo zima siku ya Jumamosi. Andika jina kwa penseli kwenye kipande cha plastiki ulichokata kwenye chupa ya maji. Wino wa maka pen huliwa na jua kabla ya Pasaka.

Adui wa kwanza ni kinyausi: mche unalegea shingoni, unaanguka ukiwa bado kijani. Husababishwa na vimelea vya udongoni na hupenda msongamano na unyevu wa kudumu. Punguza maji, ongeza hewa, ng'oa walioanguka. Nimeona watu wakinyunyizia salfa iliyobaki kwenye mikorosho. Salfa ni ya ubwiriunga wa majani, kinyausi hakiijui. Adui wa pili ni kiwavi mweusi mwenye madoa meupe au ya njano, anayechimba ndani ya jani la Crinum na kuteremka hadi kwenye tunguu. Mtafute asubuhi nyuma ya majani na umtoe kwa mkono, maana akishaingia ndani dawa haimfikii. Wa tatu ni kuku. Huyo unamjua.

Kiangazi cha kwanza

Mei majirani wakianza kupalilia mikorosho, wengi huacha kumwagilia miche wakisema mmea wa tunguu hulala. Mtu mzima hulala. Mche wa mwaka wa kwanza una tunguu dogo kama punje ya choroko, halina akiba. Endelea kumpa maji kidogo mara moja kwa wiki mradi ana jani la kijani, hata afike Julai. Jani likijikausha lenyewe, hapo acha kabisa na usogeze kopo mahali pakavu. Mwaka wa pili na kuendelea mfuate kalenda yake (isipokuwa Clivia, isiyolala), na hapo mkazi wa Newala anayenunua maji kwa ndoo atafurahi: miezi mitano mmea hauombi kitu.

Jambo moja la hatari. Kwetu watoto hukua wakichimba ming'oko, viazi vya porini, na kinachofanana na chakula udongoni huonjwa. Crinum, Clivia na Scadoxus zina sumu. Scadoxus imetumika sehemu mbalimbali za Afrika kutia sumu mishale na kuvulia samaki. Yapande mbali na bustani ya vitunguu na mboga, waonyeshe watoto kwa jina, na ukate majani ya mbuzi upande mwingine wa uwanja.

Baada ya misimu kadhaa, Crinum litatoa bua lake. Tunda likivimba hadi likalalia ardhi, lifunike kwa kipande cha chandarua mbegu zisiviringike, na siku litakapopasuka uwe umeshajua zinakwenda kwenye kopo la nani.