Somo: Samaki wamekufa ghafla kwenye tangi, tuanzie wapi?

Ukiamka ukakuta samaki wanne wanaelea na waliobaki wako juu wanahema, mkono unakimbilia dawa. Uzuie. Vifo vya usiku mmoja mara chache huwa ugonjwa. Ugonjwa humchukua mmoja leo, mwingine keshokutwa, tena huacha alama: madoa meupe, utando, mapezi yaliyolika. Wakifa wengi kwa mpigo, mshukiwa wa kwanza ni maji, na wa pili ni mtu aliyeyagusa maji hayo au hewa ya chumba hicho tangu jana.

Hatua ya 1: Waokoe waliobaki

Toa waliokufa, lakini usiwatupe, tutawahitaji sasa hivi. Fungua pampu ya hewa mpaka mwisho. Kama huna, chota maji ya tangi kwa kopo uyamwage tena kutoka juu, yarukeruke, kwa dakika kadhaa, kisha rudia. Badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi. Usilishe leo wala kesho. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku mbili, ila chakula kinachooza kwenye maji mabovu kitawamaliza.

Hatua ya 2: Waangalie waliokufa

Mlaze samaki kwenye sahani nyeupe, inua kifuniko cha shavu kwa kijiti cha meno, utazame matamvua. Fanya hivyo mapema, maana yakikaa hupauka na hayasemi kitu tena. Yakiwa na rangi ya kahawia kama chokoleti, shuku nitriti, kwani sumu hiyo huharibu damu isibebe oksijeni, ndiyo maana samaki anahema hata pampu ikiwa inanguruma. Yakiwa mekundu kupita kiasi, yamevimba na yana ute, fikiria amonia au klorini. Mdomo wazi na vifuniko vya mashavu vilivyotanuka ni dalili ya kukosa hewa.

Angalia pia nani kafa na nani kapona. Hewa ikipungua, mara nyingi wakubwa hutangulia. Na kama una beta, yule samaki mpiganaji, naye yuko salama huku wenzake wamekwisha, hiyo ni ishara nzuri sana: beta ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo oksijeni ikiisha yeye anadunda tu. Ingekuwa sumu, asingepona kirahisi hivyo.

Hatua ya 3: Wahoji watu wa nyumbani

Hapa ndipo kesi nyingi hufungwa, na watu hupaona pa kipuuzi. Uliza bila ukali, maana dada wa kazi akidhani anatafutwa mchawi hatasema ukweli.

Nani kapuliza dawa ya mbu? Dawa nyingi za kupuliza zina sumu za jamii ya pairethroidi. Binadamu anazivumilia, samaki hazivumilii hata kidogo, na kamba wadogo wa tangini ndiyo kabisa. Wengi husema, "Lakini tangi lilikuwa na kifuniko." Sawa, na pampu ya hewa ilikuwa wapi? Nimeona nyumba moja Tabata, pampu imewekwa sakafuni nyuma ya kochi, palepale ambapo kila jioni watu walipuliza dawa ili mbu wasijifiche. Pampu inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Samaki walikuwa wakizunguka ubavuubavu, wakijigonga kwenye kioo. Ukiona mwendo huo, zima pampu, fungua madirisha, hewa ikishakuwa safi iwashe tena, kisha badilisha maji mengi, yaliyotolewa klorini. Mkaa maalumu wa filta husaidia kunyonya sumu. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo.

Nani kabadilisha au kaongeza maji? Maji ya bomba huwekewa klorini ili tusiugue. Kiasi cha kawaida cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita ni salama kwetu lakini huunguza matamvua. Na kiasi hicho hakikai palepale. Huweza kupandishwa, hasa kukiwa na kipindupindu. Ndiyo maana mtu atakwambia, "Siku zote naweka maji ya bomba hivihivi, hawafi," mpaka siku wafe. Weka dawa ya kuondoa klorini, au acha maji kwenye ndoo pana saa 24 huku pampu ya hewa ikitoa mapovu. Simtanki lenye kifuniko halihesabiki kuwa ndoo pana.

Nani kaosha kioo, na kwa kutumia kitu gani? Sabuni, dawa ya kung'arisha kaunta, mafuta ya mikononi, ndoo ya kudekia: vyote ulizia.

Hatua ya 4: Pima maji

Kipimo cha matone ni bora kuliko karatasi. Unatafuta vitu vitatu. Amonia inatakiwa iwe 0. Nitriti 0. Nitrati, ambayo ndiyo mwisho wa safari, ikae chini ya miligramu 40 kwa lita.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua muda wote. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na changarawe huigeuza kuwa nitriti, wengine wakaigeuza kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuwapata. Ukinunua tangi Ijumaa na samaki 12 Jumamosi, vifo vya wiki ya pili au ya tatu havina fumbo lolote.

Pima na pH, yaani kiwango cha asidi ya maji (chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alikali), maana ndiyo inayoamua ukali wa amonia. Kwa joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iliyomo ndiyo iko katika hali ya kuua. pH 8, karibu asilimia 5. pH 9, zaidi ya theluthi. Kipimo kilekile cha amonia kinaweza kuwa onyo kwenye tangi moja na msiba kwenye jingine.

Hatua ya 5: Umeme na joto

Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi. Kwa joto la Dar la Februari, tangi lililojaa samaki, mimea inayotumia oksijeni usiku, umeme ukikatika saa nane, alfajiri usishangae. Pampu ndogo ya betri ni akiba nzuri kuliko chupa yoyote ya dawa.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usikimbilie kuwasha filta ya kopo iliyofungwa. Ifungue kwanza. Ikitoa harufu ya yai viza, bakteria wamekufa humo, na ukiwasha utamwaga uchafu wote tangini. Suuza sponji kwenye maji ya tangi, mwaga maji ya ndani, ndipo uwashe.

Maswali ya wanachama

*Swali (Mwanza): Shikamoo mwalimu. Samaki walipokufa nilimwaga maji yote, nikaosha changarawe na filta kwa dawa ya kufulia mpaka vikang'aa. Nikaweka wapya. Nao wamekufa. Kuna mkosi gani?*

Marahaba. Hakuna mkosi. Ulipong'arisha uliua bakteria wote, tangi likarudi kuwa jipya. Suuza kila kitu mpaka harufu iishe kabisa, tumia dawa ya kuondoa klorini, kisha omba kipande cha sponji chafu kutoka tangi la rafiki ambalo halina ugonjwa. Hicho kipande ni zawadi bora kuliko samaki. Anza na wawili.

*Swali (Morogoro): Tangi langu lina miaka 2, sijawahi kubadilisha maji, naongeza tu yanayopungua, na samaki walikuwa safi. Juzi nikaona aibu, nikabadilisha nusu. Asubuhi wote chali. Na maji niliyatoa klorini!*

Kaka, hii huwachanganya wengi. Kwenye maji ya zamani pH hushuka polepole, amonia inajikusanya lakini iko katika hali isiyodhuru sana, na samaki wamezoea. Ukimwaga maji mapya ya pH 8, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inageuka sumu kwa mpigo. Tangi la namna hiyo libadilishe asilimia 10 tu kila siku mbili tatu, huku ukipima.

*Swali (Bujumbura): Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika na nachota maji ziwani. Hayo nayo yana shida?*

Kwa samaki hao ni maji yao, na hayana klorini. Ila pH yake inakaribia 9, rudi usome hatua ya 4. Wewe huna nafasi ya kuvumilia amonia hata kidogo. Punguza chakula, ongeza filta, na chota mbali na mitaro ya mji.

*Swali (Mombasa): Maji yangu ni ya kisima, yana chumvichumvi. Gapi wanazaana, neoni hawamalizi siku tatu.*

Gapi anapenda maji magumu na chumvi kidogo haimsumbui. Neoni anatoka kwenye maji laini yenye asidi huko Amazon. Usipigane na kisima chako, dada. Fuga gapi na moli. Maji ya kisima yapulizie hewa usiku kucha kabla ya kuyatumia, mara nyingi hutoka chini yakiwa na oksijeni kidogo.

*Swali (Arusha): Nitriti yangu imesoma 2. Niweke ile OTC ya kuku?*

Hapana. Hiyo ni antibiotiki, na inaweza kuwadhuru hao bakteria unaowahitaji. Weka chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita: tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 lina lita kama 65, kwa hiyo gramu 65. Iyeyushe kwenye jagi kwanza, mimina kidogokidogo. Kloridi ya kwenye chumvi siyo klorini ya bomba; kloridi huzuia nitriti isiingie kwenye damu. Kila siku badilisha robo ya maji, na rudishia chumvi ya robo hiyo tu.

*Swali (Dodoma): Nisubiri muda gani kabla ya kuweka samaki wengine?*

Amonia na nitriti zisome 0 siku 7 mfululizo, huku tangi likiwa na samaki waliobaki wanaokula kama kawaida. Kama wote walikufa, weka punje chache za chakula kila siku ili bakteria wapate kazi, pima kila baada ya siku mbili, na pampu uihamishie juu ya kabati.